Kirusi kisichoua samoni ndicho cha kuchungwa

Kimya changu sababu yake mnaijua: semista inaisha, kila mtu yuko kwenye msuli, na bumu limeshakuwa historia. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya maji. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu tulipofika mada ya magonjwa ya samaki wa kufugwa, na nikilisubirisha mpaka mitihani iishe litapoa.

Kwenye desa linalozunguka hapa chuoni kuna mstari mmoja tu kuhusu kirusi kinachoitwa HPR0. Unasema: "hakina madhara". Basi, nukta. Watu wanaukariri hivyo hivyo, wanauandika kwenye mtihani, wanapata alama zao. Mimi nasema mstari ule umekatwa mahali pabaya. Na nikisema umekatwa, mtaona huko mbele kwamba neno lenyewe limekaa mahali pake.

Tuanze na samaki mwenyewe. Samoni wa Atlantiki wengi wetu tumemwona kwenye picha tu, au kwenye menyu za hoteli za mjini ambazo tunapita nje yake. Anafugwa Norway, Chile, Scotland, Kanada na visiwa vya Faroe. Kifaranga anatotoleshwa na kukuzwa kwanza kwenye matangi ya maji baridi, akishakuwa tayari anapelekwa baharini kwenye vizimba vya wavu. Msifikirie vile vya mabomba na mapipa tulivyozoea kuona ziwani kwetu. Norway sheria inaruhusu hadi samaki 200,000 ndani ya kizimba kimoja. Kimoja, jamani! Na kampuni haina kizimba kimoja.

Mwaka 1984 huko huko Norway kukaonekana ugonjwa mpya. Samaki anapauka matamvua kwa kukosa damu, macho yanavimba, ini linageuka jeusi, damu inavujia ndani. Ukapewa jina la ugonjwa wa upungufu wa damu wa samoni, kwa kifupi ISA. Hauui kwa kishindo. Unaanza kizimba kimoja, samaki wachache kila siku, mwenye shamba anaweza kudhani ni kawaida tu. Ukiachwa unahama kizimba hadi kizimba kwa miezi, na mwisho wake unaweza kuwa kuzika karibu shamba zima. Binadamu haumpati, hilo nalisema mapema ili mtu asije akaacha kula samaki kwa sababu yangu.

Kirusi chenyewe ni ndugu wa mafua. Si ndugu wa kusingiziwa, wako ukoo mmoja kabisa kwenye vitabu: vinasaba vyake ni RNA iliyogawanyika vipande 8, kama ilivyo kwa mafua A yanayotusumbua sisi. Na virusi vya RNA vina tabia ambayo mwanachuo yeyote ataielewa haraka kuliko mtu mwingine. Kile kimeng'enya kinachonakili RNA hakirudi nyuma kusahihisha. Ni sawa na desa. Mwaka wa kwanza mtu mmoja makini aliandika darasani, mwaka wa pili mwingine akanakili kwa mkono usiku wa manane, wa tatu akanakili kutoka kwa huyo wa pili. Herufi zinaanguka. Neno linageuka. Mara nyingine mtu anasinzia anaruka mistari mitatu mizima. Mengi ya makosa hayo yanaharibu desa tu, halina maana tena, linatupwa. Lakini mara moja moja kosa linaleta sentensi mpya ambayo inasomeka vizuri na ina maana nyingine kabisa.

Zaidi ya hapo, vipande vikiwa 8, virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja vinaweza kubadilishana kurasa. Wewe chukua ukurasa wangu wa 5, mimi nichukue wako wa 6. Kwa hiyo tofauti za kijenetiki kwenye ISA zinakuja kwa njia zaidi ya moja, na zinakuja kila siku, hasa pale ambapo kuna samaki wengi wa kunakilia.

Sasa kipande cha 6 ndicho chenye mambo. Kinabeba maelekezo ya protini ya kujishikiza kwenye seli ya samaki. Protini ile ina kama shina, na kwenye shina kuna eneo linalobadilika sana kuliko mengine, ndilo waliloliita HPR. Shina likiwa kamili, eneo hilo lina asidi amino 35, na kirusi kinaitwa HPR0. Hicho kinaishi kwenye matamvua ya samaki, kinakaa kwa muda, kinaondoka, samaki hata hajui. Hakikubali hata kuoteshwa kwenye seli za maabara, ndiyo maana kilichelewa kujulikana: kilielezwa mara ya kwanza mwaka 2002, kwenye samoni wa porini wa Scotland. Lakini virusi vyote vilivyokutwa kwenye samaki wanaokufa kwa ISA vimepungukiwa. Kila kimoja kimekatwa kipande cha shina hilo, huyu hapa, yule pale, kwa urefu tofauti. Wakavipa namba: HPR2, HPR3, HPR7 na kuendelea. Ukiviweka vyote mezani na kuvilinganisha unaona kila kimoja kinaweza kupatikana kwa kuanza na HPR0 na kufuta maneno. Hakuna haja ya kuongeza.

Na kufuta peke yake hakutoshi. Kwenye kipande cha 5, ile protini inayosaidia kirusi kuungana na seli kupenya ndani, lazima nako kubadilike kitu. Mara nyingi ni asidi amino moja tu, ile ya 266, au kuchomekwa kipande kidogo karibu na hapo. Mabadiliko mawili, basi kirusi kinatoka kuwa mpangaji mpole wa matamvua kinaingia kwenye kuta za mishipa ya damu mwili mzima. Hapo ndipo damu inapoanza kuvuja.

Mnaona sasa kwa nini nauchukia ule mstari wa desa? "Hakina madhara" ni maelezo ya hali ya leo asubuhi. Hayasemi kitu kuhusu ukoo wake.

Najua kuna atakayesema hii ni nadharia ya watu wa maabara. Kwa miaka mingi hata wao walikuwa wanasema "tunadhani". Wazo kwamba HPR0 ndiye babu wa virusi wauaji lilikuwepo, ila ushahidi wa shambani ulikuwa haujapatikana. Ukaja kutoka Faroe.

Faroe ni visiwa vidogo kaskazini ya Atlantiki, watu wake ni kama 50,000 tu, na samoni ni kati ya vitu vikubwa wanavyouza nje. Kuanzia mwaka 2000 ISA iliwapiga mpaka wakakaribia kufunga biashara. Walichofanya nakisifu. Mwaka 2003 walibadilisha sheria: eneo moja liwe na samaki wa rika moja tu, wakivunwa wanavunwa wote, kisha eneo linapumzishwa kabla ya kuweka wengine. Baadaye wakaongeza chanjo. Ugonjwa ukaisha mwaka 2005. Nchi nyingi zingefanya sherehe na kufunga faili. Wao waliendelea kupima samaki wazima, wasio na dalili yoyote, na wakaikuta HPR0 karibu kila mahali walipoitafuta. Inakuja, inapita, hakuna samaki anayekufa.

Halafu mwaka 2014 vipimo vikaonyesha kirusi kilichokatwa shina. Kwa sababu walikuwa wamehifadhi taarifa za vinasaba vya HPR0 walizozikusanya miaka ya nyuma, waliweza kukilinganisha na kusema: huyu ametoka kwa huyu. Asidi amino moja imebadilika kwenye protini ya kuunganisha, kipande kimefutwa kwenye shina, vingine vinafanana. Kilikuwa bado si kikali sana, lakini kilikuwa kimeshavuka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Bila yale madaftari ya kirusi "kisicho na madhara" wangesema tu kwamba ugonjwa umetoka sijui wapi, labda meli, labda ndege wa baharini. Si ndivyo tunavyosema sisi kila kitu kikituharibikia?

Chile wao walipita njia nyingine, na bei waliyolipa si ya kuchekea. ISA ilithibitishwa kule Chiloé katikati ya mwaka 2007. Mashamba yalikuwa yamebanana, samaki wa rika tofauti wamechanganywa, boti zinazunguka kutoka shamba hadi shamba. Kirusi kilichotawala kiliitwa HPR7b. Ndani ya miaka mitatu uzalishaji wa samoni wa Atlantiki ulishuka kwa karibu theluthi mbili. Maelfu ya watu walipoteza kazi, wengi wao akina mama wa viwanda vya kusafisha na kupakia minofu, ambao hawakuwahi kumiliki hata samaki mmoja. Vinasaba vya kirusi vilionyesha undugu na virusi vya Norway, na hapo ukazuka ugomvi mkubwa kati ya wanasayansi na kampuni za mayai juu ya nani alimpelekea nani. Ugomvi ule mimi siuingii. Ninachokiangalia ni kilichofuata. Chile walipanga upya mashamba katika makundi wanayoyaita mitaa, wakalazimisha kupumzisha maeneo, sheria ikarekebishwa mwaka 2010. Ugonjwa ukatulia, na wakipima wanakuta HPR0 ndiyo imejaa. Mwaka 2013, tena: HPR3 na HPR14, zimekatwa shina.

Norway nao, wazoefu kuliko wote, mwaka 2020 walithibitisha ISA zaidi ya mara 20.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu, akiwemo jamaa yangu mmoja wa chumba cha jirani ambaye akisoma hii atakuja kugonga mlango. Hoja yake ni hii: kama HPR0 iko kila mahali na mara chache sana inageuka, kuitafuta ni kupoteza hela. Ukiipata utafanya nini? Utaua samaki wazima milioni? Utafunga masoko? Mfugaji akijua kwamba kipimo kitamletea balaa, ataacha kupima kabisa, na hapo tumepoteza vyote.

Hoja hii si ya kijinga hata kidogo. Nakubaliana na nusu yake. Kumwadhibu mfugaji kwa kuwa na HPR0 ni sawa na kumkamata mtu kwa kuwa na binamu mwizi. Hata wenye mamlaka wamepishana hapa: Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liliweka aina zote mbili kwenye orodha yake ya magonjwa ya kutoa taarifa, wakati sheria ya afya ya wanyama ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2021 ilitaja ile iliyokatwa tu.

Lakini jamaa anachanganya mambo mawili, kuadhibu na kuandika. Mimi sitaki mtu afungiwe shamba. Nataka pale HPR0 inapopatikana, vinasaba visomwe, viwekwe mahali ambapo mwenye shamba la jirani na mtafiti wa nchi nyingine wanaweza kuviona, na hasa kwenye vituo vya vifaranga. Kwa nini vituo vya vifaranga? Kwa sababu kazi nyingine ya hao hao wa Faroe, ya mwaka 2021, haikupata ushahidi kwamba HPR0 inapita kutoka kwa mzazi kwenda kwenye mayai. Iliyoonekana ni kwamba kituo kinaweza kuwa na kirusi chake cha nyumbani, kinachokaa humo humo na kupokezana kizazi hadi kizazi cha vifaranga. Yaani yai linaingia safi, mtoto anatoka na mgeni. Hiyo ni sehemu ndogo, ya ndani, yenye mlango na mfereji. Unaweza kuisafisha. Bahari huwezi kuisafisha.

Na kuna jambo ambalo hoja ya "inageuka mara chache" inalikwepa. Mara chache kwa kipimo cha nini? Kosa la kunakili ni bahati nasibu, na shamba ndilo linalonunua tiketi. Samoni wa porini wanaotembea mmoja mmoja baharini wananunua tiketi chache, na hata ikitokea kirusi kikali, kikimuua huyo aliyekibeba kabla hajakutana na mwenzake, kinazikwa naye. Ukali hauna faida pale. Kwenye kizimba cha samaki 200,000, mwenzake yuko sentimita chache pembeni. Kirusi kinaweza kuua na bado kikapata pa kwenda. Watu wa kuku wanalijua hili siku nyingi: mafua ya ndege aina za H5 na H7 yanaweza kutoka kwa ndege wa porini yakiwa mapole, yakaingia bandani, na humo ndimo yanakogeuka kuwa ya kuua banda zima. Hatuwezi kusema kirusi kikali kimekuja kutuvamia kutoka nje wakati sisi ndio tuliokipa karatasi na kalamu.

Ndiyo maana neno "hakina madhara" nalishuku. Linamfaa sana mwenye kampuni, maana linahamisha lawama. Likiwa pole ni la asili, likiwa kali ni ajali. Katikati hapo, ambapo msongamano wake ndio uliofanya kazi, hapana jina.

(Nisiwe mchoyo: ISA si peke yake. Kuna kirusi kingine, PRV, kilichotambuliwa mwaka 2010 kwenye samoni wenye ugonjwa wa moyo na misuli. Nacho kina aina kali na aina pole, na kule Kanada upande wa Pasifiki wamebishana miaka mpaka mahakamani kuhusu kama aina yao inastahili kuogopwa. Hiyo nitaiandikia siku nyingine nikipata nguvu.)

Mtu ataniuliza, wewe wa huku samoni wanakuhusu nini? Swali zuri. Vizimba vinaongezeka Ziwa Victoria, Kenya, Uganda na kwetu, na ndani yake kuna sato. Sato naye ana kirusi chake, TiLV, kilichoelezwa Israel mwaka 2014. Nacho ni cha RNA, vipande 10, na kina undugu wa mbali na hawa wa mafua. Kimeshaua sato wa kufugwa nchi kadhaa. Na mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioonyesha vipande vya vinasaba vyake kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania, wa vizimbani na wa porini. Samaki wenyewe? Hawakuwa na dalili.

Hawakuwa na dalili. Mnausikia ule mstari wa desa unavyotembea? Sidai kwamba kirusi cha sato kitafanya kilekile cha ISA, ni virusi tofauti, na shina la HPR ni mambo ya samoni. Nadai tu kwamba sisi tuna nafasi ambayo Chile hawakuwa nayo mwaka 2007: vizimba vyetu bado ni vichache kulinganisha na ukubwa wa ziwa, na waliotutangulia wameshaandika walichokiona. Ziwa ni moja kwa nchi tatu. Kifaranga akitotoleshwa upande mmoja anaweza kuishia upande mwingine kwa gari la usiku, na kirusi chake hakigongi muhuri mpakani.

Kwa hiyo wale mnaokwenda fildi Mwanza na Musoma mwezi ujao, nina ombi, na si la kisomi. Mkifika kwenye kizimba msiulize tu samaki wangapi wamekufa. Swali hilo kila mtu analiuliza, na jibu lake kila mtu analijua, "wachache tu". Ulizeni vifaranga vimetoka kituo gani. Ulizeni kama kizimba cha rika la zamani na cha rika jipya vimekaa pamoja, na eneo lilipumzishwa lini mara ya mwisho. Chukueni na vipande vya matamvua vya samaki wazima, wale wanene wanaoruka ruka, mviweke kwenye vichupa vya kihifadhi, mwandike tarehe na mahali. Maabara ikikosa hela ya kuvisoma mwaka huu, vitasomwa mwaka mwingine, ilimradi vipo.

Jamaa wa chumba cha jirani, mlango uko wazi, ila njoo na sukari, chai ipo.